Biskuti za chumvi kwa wageni bila kuwasha jiko: jibini, hummus, samaki au nyanya?

Wageni walikuwa wafike saa moja jioni. Ilipogonga saa kumi nilikuwa nimeshamaliza kila kitu: biskuti 40 za chumvi zimepangwa kwenye sinia mbili, juu ya kila moja kijiko cha nyanya na vitunguu vilivyokatwakatwa, na jani la mnanaa limesimama katikati kama bendera. Nikafunika kwa plastiki, nikatia kwenye friji, nikaenda kuoga kwa raha zangu. Saa moja na robo mgeni wa kwanza akanyanyua moja, ikalegea mkononi mwake kama kitambaa kilicholowa, nyanya zikaishia kwenye shati. Akacheka kwa adabu. Mimi sikucheka.

Tangu siku ile, ninapochagua cha kupaka juu ya biskuti siulizi kwanza kipi ni kitamu. Nauliza kitakaa muda gani kabla ya kufika mdomoni. Vyote ninavyolinganisha hapa ni vitamu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji moto. Kinachovitofautisha ni maji, na saa ulizonazo.

Biskuti ya chumvi ikitoka tanurini huwa imekauka hasa. Maji yaliyobaki ndani yake kwa kawaida hayafiki asilimia 5 ya uzito wake. Tango, kwa upande mwingine, karibu asilimia 95 yake ni maji. Ukiviweka pamoja, maji yatahamia kwenye biskuti, upende usipende, na kufunika kwa plastiki kunazidisha mambo kwa sababu unyevu hauna pa kutokea. Kinachoyachelewesha maji hayo ni mafuta. Ndiyo maana kitu chenye mafuta mengi hukaa juu ya biskuti kwa utulivu, na kitu chenye majimaji huibomoa kutoka chini wakati wewe unahangaika na viti.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho yako, chukua biskuti tano za aina moja, paka kila moja kitu tofauti, kisha kila baada ya robo saa umega kipande. Kwangu mimi, ya nyanya haikumaliza robo saa ya kwanza. Ya parachichi ilianza kulegea katikati ilipokaribia nusu saa, na ya hummus (rojo la dengu na ufuta uliosagwa) ikafuata muda mfupi baadaye. Ya jibini laini ilikuwa bado inalia "kach" saa moja ilipotimia, ingawa katikati ilishaanza kupoteza ukali. Ya zeituni zilizosagwa na mafuta niliila kabla ya kumaliza kuhesabu, lakini haikuonyesha dalili ya kuchoka.

Biskuti yenyewe kwanza

Watu wengi hubeba pakiti yoyote iliyo karibu, halafu wanahangaika na cha kupaka. Mimi naona ni kinyume, maana biskuti mbovu haiokolewi na jibini ghali.

Ile ya mraba yenye vitundu ni nyepesi na haina ladha ya kugombana na kitu. Vitundu vile si pambo. Hutobolewa ili mvuke utoke wakati wa kuoka na biskuti isivimbe kama puto. Ubaya wake ni kwamba hunywa maji haraka na hukatika ukiikandamiza kwa kisu. Ya siagi, ile ya duara inayomeguka kwa tabaka (Ritz, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1934, ndiyo inayojulikana zaidi), ina mafuta ndani yake na utamu kidogo, kwa hiyo inapendwa na watoto na inavumilia unyevu kiasi. Lakini ni dhaifu: ukiipaka jibini iliyotoka kwenye friji sasa hivi, utabaki na chenga. Kuna nyembamba sana za unga na maji, karibu hazina ladha, na hizo ndizo ninazochagua kwa samaki wa moshi au jibini kali. Za rai, nafaka inayofanana na ngano, ni ngumu na nzito, zinavumilia kuliko zote, ila si kila mgeni anapenda kutafuna kwa bidii huku anazungumza.

Za mchele huwafaa wasiokula ngano, lakini soma pakiti. Nyingine zimekolezwa kwa mchuzi wa soya, na mchuzi wa soya wa kawaida hutengenezwa kwa soya pamoja na ngano. Usimhakikishie mgeni wako kitu ambacho hujakisoma.

Nikiwa na nafasi ya aina mbili tu, nachukua moja ngumu na moja ya mchele. Ya siagi naongeza kama watoto watakuwepo.

Jibini laini dhidi ya hummus

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa sababu hivi viwili ndivyo vinavyobeba sherehe nyingi za namna hii.

Jibini laini ya krimu ina faida moja kubwa: inashikilia. Kwa sheria za Marekani, kitu hakiruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo kama mafuta ya maziwa ndani yake hayafiki asilimia 33, na maji hayatakiwi kuzidi asilimia 55. Maji bado ni mengi, lakini yamefungwa ndani ya mafuta na protini, hayatiririki. Kwa hiyo unaweza kupanga sinia lako saa moja kabla ya wageni na bado ukasikia mlio wa biskuti. Pia inafanya kazi ya gundi. Chochote utakachoweka juu yake, iwe kipande cha tango, zeituni au samaki, hakitateleza.

Udhaifu wake ni ladha. Peke yake ni kama ukuta mweupe usiopigwa rangi. Pakiti ya gramu 200 naichanganya na ganda la limau moja lililokwaruzwa, vijiko viwili vikubwa vya vitunguu vya majani vilivyokatwa laini mno, na pilipili manga mpaka uione kwa macho. Juisi ya limau siitii. Inalainisha mchanganyiko na kurudisha shida ileile ya maji. Chumvi naonja kwanza, maana biskuti ina chumvi yake.

Upakaji nao una namna yake. Toa jibini kwenye friji nusu saa kabla, ilainike. Ukiipaka kwa kisu utavunja biskuti moja katika kila tano na kila moja itakuwa na sura yake. Badala yake, tia mchanganyiko kwenye mfuko safi wa plastiki, usukume wote kwenye kona moja, uzungushe mfuko kwa juu mpaka ukaze, kisha kata ncha ya kona kwa mkasi, tundu la upana wa kidole kidogo. Shika biskuti isiyumbe, bonyeza, inua mkono. Unapata kilima kidogo chenye ncha, na biskuti haijaguswa na chuma. Ukiweka kama gramu 8 kila moja, pakiti ile ya gramu 200 itakupa biskuti 25.

Hummus ni kinyume chake karibu katika kila jambo. Ladha inayo tele: dengu, ufuta uliosagwa, limau, kitunguu saumu. Haina maziwa wala yai, kwa hiyo anayekula mboga tupu anakula pamoja na wenzake badala ya kupewa sahani ya huruma pembeni. Na bado hujawasha jiko, kwa sababu dengu za kopo zimeshapikwa. Kopo moja lililochujwa, vijiko viwili vikubwa vya ufuta uliosagwa, juisi ya nusu limau, punje moja ya kitunguu saumu, chumvi, na vijiko viwili vitatu vya maji yaleyale ya kopo. Saga kwenye blenda mpaka iwe laini kabisa, halafu saga tena dakika moja zaidi. Dakika hiyo ya ziada ndiyo inayotenganisha hummus ya nyumbani na uji wa dengu.

Lakini haipendi kusubiri. Maji yake hayajafungwa kama ya jibini, na uso wake ukikaa wazi hukauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Kwa hiyo hummus siipaki mapema. Inakwenda kwenye bakuli, mafuta ya zeituni juu yake, na biskuti pembeni. Kumbuka pia kwamba ufuta ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio mkali kwa baadhi ya watu. Kuyakimbia maziwa na kuukuta ufuta si nafuu kwa mwenye mzio huo.

Ukinibana nichague kimoja tu: kama biskuti zitapangwa tayari, jibini. Kama kila mtu atajipakia, hummus, na siisiti.

Samaki wa kopo, samaki wa moshi

Jodari wa kopo hana fahari, ila anashibisha kuliko vyote hapa, na ndiye anayeisha kwanza kila mara. Siri iko kwenye kumkamua. Mwagie kwenye chujio, mkandamize kwa mgongo wa kijiko, halafu mkandamize tena unapodhani umemaliza. Kopo la gramu 160 hubaki na samaki kama gramu 110 hivi. Vijiko viwili vya mayonezi, kapari (vichipukizi vya maua vilivyohifadhiwa kwa chumvi au siki) zilizokatwa au tango la siki, pilipili manga, basi. Aliyehifadhiwa kwenye mafuta ana ladha nzuri zaidi na haloweshi biskuti haraka. Aliyehifadhiwa kwenye maji ni mwepesi lakini ukimkamua ovyo umerudi kwenye hadithi yangu ya nyanya.

Samoni wa moshi ni wa sherehe yenye picha. Bei yake inauma, lakini kipande kidogo kinatosha, na ukikikata kwa mkasi badala ya kisu utapata vipande vingi zaidi bila kukichana. Anakaa vizuri juu ya jibini laini na tone la limau dakika ya mwisho. Kasoro yake si ya ladha: samoni anayefukizwa kwa moshi baridi hajapikwa, na anaweza kubeba bakteria aina ya Listeria. Wajawazito, wazee sana na wenye kinga dhaifu hushauriwa kumwepuka, sawa na jibini laini zenye ganda jeupe kama brie. Mgeni mjamzito hatakuuliza mbele za watu. Weka sinia la samoni mbali na mengine, au mwache samoni dukani kabisa.

Parachichi, na yale ya haraka

Parachichi ni zuri kwa dakika kumi. Ukilikata tu, hewa na kimeng'enya kilichomo ndani yake vinaanza kuligeuza rangi ya kahawia. Juisi ya limau inachelewesha, na kugandamiza plastiki moja kwa moja juu ya uso wake bila kuacha hewa kunasaidia zaidi, lakini hakuna kinachozuia kabisa. Kwenye sherehe niliacha kulitumia. Nikiwa na rafiki mmoja tumeketi mezani, nalirudia: parachichi lililopondwa kwa uma, chumvi, limau, pilipili, na kila biskuti inapakwa wakati wa kuliwa.

Zeituni zilizosagwa na kapari na mafuta yake zinadharauliwa bure. Unazisaga siku moja kabla, zinakaa kwenye friji, kesho yake ladha imetulia, na mafuta yanailinda biskuti. Ni za chumvi sana, kwa hiyo biskuti iwe isiyo na chumvi juu yake, na kila punje uikague kokwa kwa mkono hata kama kopo limesema zimetolewa. Ukitia kitunguu saumu kibichi, usiuache mchanganyiko huo mezani siku nzima. Kitunguu saumu kilichozama kwenye mafuta penye joto ni mahali ambapo bakteria wa botulism, sumu hatari ya chakula, wanaweza kustawi.

Nyama iliyokaushwa, ile ya vipande vyembamba, haihitaji maelezo. Kunja, weka juu ya jibini, umemaliza. Uliza tu mapema nani hali nguruwe na nani hali nyama kabisa.

Kuhusu nyanya na tango, siwezi kukukataza. Nyanya zipasue, zitoe mbegu na ute wote, zikate, zinyunyizie chumvi na uziache kwenye chujio nusu saa; utashangaa maji yatakayodondoka. Kisha tandaza jibini kwanza, nyanya juu, na uzitoe mara moja. Tango mimi nimeligeuza kazi: vipande vinene vya tango vinakuwa ndiyo biskuti, na jodari au hummus inakaa juu yake. Hakilegei, hakina ngano, na kwa kuwa ni maji matupu tayari, hakina cha kuogopa.

Upange mwenyewe au kila mtu ajipakie?

Wafaransa huviita vitafunio vya namna hii canapé, neno lao hilohilo la kochi: cha juu kimeketi juu ya mkate kama mtu kochini. Kochi likilowa hakuna anayeketi, na suala hili la kupanga au kutopanga ni suala la kochi kulowa.

Anza na hesabu. Wanaoandaa vyakula vya sherehe hukadiria vipande 4 hadi 6 kwa mtu kama chakula kamili kinafuata, na 8 hadi 12 kama vitafunio ndiyo mlo wenyewe. Chukua wageni 20 na vipande 5 kila mmoja: biskuti 100. Ukiwa na kasi ya nusu dakika kwa kila moja, hizo ni dakika 50 umesimama, na zile za mwanzo zina karibu saa nzima kabla hata hujamaliza za mwisho. Sasa unaelewa kwa nini nasema jibini kwa za kupangwa.

Sinia lililopangwa linapendeza, linazungushwa kwa urahisi, na mtu aliyeshika glasi mkono mmoja anakula kwa mwingine. Mabakuli ya kujipakia hayapendezi vile. Baada ya nusu saa yanaonekana kama yamepigwa vita, na kuna yule atakayechovya biskuti aliyokwisha kuiuma (kila sherehe ina mmoja). Dawa yake ni kijiko ndani ya kila bakuli na sahani ndogo pembeni. Lakini biskuti zinabaki kavu mpaka mwisho, wenye mzio wanaona wanachokula, na wewe unakaa na wageni wako. Zaidi ya watu 15, mimi sipangi tena kila moja. Napanga sinia moja la kupokelea watu mlangoni, mengine yote ni mabakuli.

Kwa njia zote mbili, saa inahesabu. Jibini, hummus, samaki na nyama visikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 za selsiasi, saa 1. Badala ya bakuli moja kubwa, toa madogo mawili: moja mezani, moja kwenye friji. La mezani likifikisha muda wake liondoe lilivyo na ulete jingine. Usijazie juu ya la zamani. Biskuti zenyewe hazina haja ya friji. Ziache kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana mpaka dakika ya mwisho, maana hewa yenye unyevu inazilegeza hata bila kupakwa kitu.

Na kama una robo saa tu na watu wako njiani? Usifikirie kupanga. Jodari aliyekamuliwa kwenye bakuli, jibini yenye limau kwenye jingine, biskuti za aina mbili, vipande vya tango. Kama una jioni nzima kabla ya siku yenyewe, saga zeituni na hummus leo, kesho ukate na kupanga tu. Kama hujui wageni wanakula nini, bakuli la hummus, la zeituni, la jibini, kila moja na karatasi ndogo yenye majina ya vilivyomo.

Wiki ijayo nina wageni 12, na chakula kinafuata baadaye. Nimepanga biskuti 25 za jibini, zile za mfuko na mkasi, nizipake nusu saa kabla ya kengele ya mlango. Jodari na hummus kwenye mabakuli. Nyanya zitakuwepo, zimechujwa, kwenye bakuli lao peke yao na kijiko, mbali na biskuti. Yule wa shati amealikwa pia, na kasema atavaa nyeusi.